Niliyoyapitia Kusomea Uandishi wa Mahakama Nikiwa Texas

Kila Mswahili ninayekutana naye huku Marekani, akishajua kazi yangu, huuliza mambo mawili: inalipa kiasi gani, na je, na yeye anaweza kuisomea. Nimejibu kwenye simu, nimejibu harusini, nimejibu hata nje ya msiba, na kila mara muda unakuwa mfupi nabaki nimejibu nusu. Leo nayaweka yote hapa, na pesa nazitaja, kwa sababu nimeona wenzangu wakiingia kwa pupa na kutoka na deni bila cheti.

Kwanza kazi yenyewe. Mwandishi wa mahakama ni yule anayekaa mbele ya jaji na kimashine kidogo kilichosimama juu ya miguu mitatu, akiandika kila neno linalotamkwa: swali la wakili, jibu la shahidi, pingamizi, uamuzi wa jaji. Kesi ikikatiwa rufaa, majaji wa juu hawamwoni shahidi wala hawamsikii, wanasoma alichoandika mwandishi. Baadhi yetu wameajiriwa na mahakama. Wengine, kama mimi, tunakodiwa kwa ajili ya deposisheni, yaani mahojiano ya kiapo ambayo mawakili humfanyia shahidi ofisini kabla kesi haijafika mbele ya jaji. Katika majimbo mengi mwandishi ndiye anayemwapisha shahidi huyo. Mshahara wa kati wa kazi hii, kwa takwimu za ajira za serikali ya Marekani, umepita dola 60,000 kwa mwaka, lakini anayelipwa kwa kurasa kama mimi anaweza kuuvuka sana au asiufikie kabisa, inategemea jimbo na bidii ya kuhangaika.

Mimi nilianzia Tabora, kwenye chuo ambacho watu wa rika langu bado wanakiita Chuo cha Uhazili, ingawa siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Tulifundishwa hatimkato, yaani kuandika haraka kwa penseli na alama fupi, ya mtindo wa Pitman, Kiswahili na Kiingereza. Matangazo ya ajira za makatibu mahsusi serikalini yalikuwa yanadai maneno 80 kwa dakika, na aliyefika 100 alitembea kifua mbele. Nilifanya kazi ya ukatibu Mwanza, kisha nikapata Green Card kwa bahati nasibu nikaja Texas, na nikaanzia pale wengi wetu tunapoanzia: kulea wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Siku niliyogundua kwamba huku kuna watu wanalipwa vizuri kwa kuandika yanayosemwa, niliona Mungu amenirudishia kazi yangu.

Kisha nikaona viwango. Chama cha waandishi wa mahakama cha nchi hii, National Court Reporters Association, kina cheti kinachoitwa RPR. Kukipata unafanya mitihani mitatu ya kuandika, kila mmoja wa dakika tano: hotuba kwa maneno 180 kwa dakika, maelekezo ya jaji kwa juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, kwa maneno 200, na maswali na majibu ya shahidi kwa maneno 225. Usahihi ni asilimia 95. Juu ya hiyo kuna mtihani wa nadharia. Leseni ya jimbo la Texas nayo inadai kasi hizohizo. Mtu wa maneno 100 wa Tabora yuko mbali sana na hapo, na penseli haitamfikisha.

Sasa pesa, kwa sababu ndipo watu wanapoumia mapema. Usilipe ada hata senti moja kabla hujajaribu bure. Chama hicho hicho kina kozi ya utangulizi inayoitwa A to Z, ya wiki chache, isiyo na ada, ambayo inakufundisha herufi zote za mashine ya steno, kile kimashine cha miguu mitatu. Ukiimaliza utajua kama vidole na akili yako vinaipenda kazi hii au la. Kuna pia programu ya bure inaitwa Plover, iliyoanzishwa na mwandishi wa steno Mirabai Knight wa New York, ambayo inageuza hata baadhi ya kibodi za kawaida kuwa kibodi ya steno. Dada mmoja wa Kikenya niliyemshauri alijaribu Plover majuma kadhaa, akaona haimwingii, akaenda kusomea uuguzi. Hakupoteza chochote. Kuna mwingine alianza kwa kusaini mkataba wa mkopo na shule ya mtandaoni inayotoza kwa mwezi, akaacha akiwa kwenye kasi ya chini, na marejesho ya mkopo bado anayalipa.

Mashine mpya ya kitaaluma inazidi dola 5,000. Usiiguse ukiwa mwanafunzi. Tafuta ya wanafunzi iliyotumika, zinapatikana kwa dola mia kadhaa, au kodi kwa mwezi. Programu ya kompyuta inayogeuza steno kuwa maandishi ina toleo la wanafunzi la bei nafuu, hakikisha shule yako inakupa kibali cha kuinunua. Ada yenyewe inatofautiana mno: chuo cha umma cha jamii ni nafuu sana kuliko shule binafsi, na kama una Green Card unaweza kuomba msaada wa masomo wa serikali, ule wa Pell, ambao haurudishwi. Lakini msaada huo una ukomo wa maisha unaolingana na miaka 6 ya masomo ya muda wote, na chuo kinakagua kama unapiga hatua. Steno haina muhula. Unaweza kukaa kwenye kasi moja muda mrefu bila kufaulu, na chuo kikahesabu kwamba umefeli. Kabla hujajiandikisha, muulize mshauri wa misaada ya masomo wa chuo, kwa maandishi, nini kinatokea kwa msaada wangu nikirudia somo la kasi. Swali hilo ndilo lililoniokoa mimi, na sikulitunga mwenyewe, nilipewa na mama mmoja wa Kifilipino niliyefanya naye zamu.

Mashine ya steno ina vitufe 22 tu na upau wa tarakimu juu yake. Vitufe havina herufi zilizoandikwa. Mkono wa kushoto unaandika konsonanti za mwanzo wa silabi, vidole gumba vinaandika irabu, mkono wa kulia unaandika konsonanti za mwisho, na vyote vinabonyezwa kwa pamoja, mpigo mmoja. Kwa kuwa vitufe ni vichache, herufi nyingi hazipo, zinaundwa. Hakuna B upande wa kushoto. Unaweka kidole cha kati kwenye ufa ulio kati ya P na W, unabonyeza vyote viwili, hiyo ndiyo B. L ni kidole cha shahada kwenye ufa wa H na R. D ni kidole cha pete kwenye ufa wa T na K. I ni gumba la kulia likikanyaga E na U. Kwa hiyo neno kama bill unaliandika kwa vidole vitatu tu, viwili kati ya hivyo vikiwa kwenye nyufa, na linatoka kwa pigo moja lisilo na sauti. Mara ya kwanza lilipotokea kwenye skrini likiwa neno kamili, nilikaa nikilitazama.

Kwa aliyetoka kwenye hatimkato ya penseli kuna mtego ambao walimu wa huku hawaujui, kwa hiyo hawatakuonya. Pitman inamfundisha mtu kuziacha irabu. Unachora konsonanti, unauweka mchoro wako juu ya mstari, kwenye mstari wenyewe au ukiukata mstari, na baadaye unaposoma, maana ya sentensi inakukumbusha irabu iliyokuwepo. Msomaji ni wewe mwenyewe na ulikuwepo. Kwenye steno msomaji ni kompyuta, nayo haikuwepo. Ukiacha irabu inakupa neno jingine au inakupa mrundikano wa herufi. Mikono yangu ilikuwa imezoea kwa miaka kuziruka irabu, na vidole gumba vyangu vilikuwa vinalala. Ilinibidi nirudi nyuma, nifanye mazoezi ya vidole gumba peke yake, pole pole, wakati wenzangu ambao hawakuwahi kushika hatimkato wanasonga mbele. Kama una msingi wa uhazili, usidhani umetangulia. Kilichonisaidia kutoka Tabora ni sikio la kusikiliza huku mkono ukiandika ya nyuma, pamoja na uvumilivu wa kukaa kitini. Mfumo wenyewe niliuweka kando.

Na hapo kwenye irabu ndipo lilipo jambo kubwa zaidi ninalotaka kulisema, hasa kwa sisi tuliokua na Kiswahili. Kiswahili kina irabu tano, safi, kila moja na mahali pake. Kiingereza kina nyingi zaidi ya hizo, na steno inaandika kwa sauti. Cat, cut na cart, kwa sikio letu, zote zinatua karibu na "kat". Kwenye mashine ni vitu vitatu tofauti. Mbaya zaidi ni live na leave. Kwenye live, gumba la kulia linakanyaga E na U. Kwenye leave, gumba la kushoto linakanyaga A na O, la kulia linakanyaga E. Vidole vingine havibadiliki, tofauti yote iko kwenye magumba mawili. Sasa fikiria wakili anamuuliza shahidi wa mauaji, je, ulikuwa unaishi pale, au je, ulikuwa unaondoka pale. Mtu anaweza kufungwa kwa jibu la swali hilo.

Kwa muda mrefu niliamini tatizo langu ni vidole. Nilinunua vifaa vya kunyoosha mikono, nilibadilisha kiti, nilipandisha na kushusha mashine. Kasi haikupanda. Mwalimu wangu mmoja, mama mstaafu wa mahakama, alinitaka nimsomee kwa sauti nilichoandika, kisha akaniambia, "Vidole vyako viko sawa. Unangoja." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nasikia neno, natafuta maana, naamua ni irabu gani, ndipo naandika. Mzaliwa wa lugha haamui, anajua. Kile kipande cha sekunde cha kuamua, ukikizidisha kwa maneno 1,000 ya dakika tano, ndicho kinachokuzuia.

Tangu siku hiyo nilipunguza saa za mashine nikaongeza saa za masikio. Nilitengeneza orodha ya jozi za maneno yanayonichanganya, nikamwomba binti wa mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa hapa Texas, anirekodie kwenye simu akiyatamka kwa sentensi nzima. Nilisikiliza njiani kwenda kazini, kwenye foleni, jikoni. Nilianza kusikiliza mabishano ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Tovuti ya mahakama hiyo inaweka sauti na maandishi yake bure, kwa hiyo unaweza kuandika, kisha ukajisahihisha mwenyewe bila kumlipa mtu. Majaji na mawakili pale wanakatizana, wanaongea haraka, wana lafudhi mbalimbali, na hiyo ndiyo mahakama halisi. Sauti za mazoezi za shule zinasomwa na mtu mmoja aliyetulia, ukizizoea hizo peke yake utashtuka siku ya mtihani.

Lafudhi yako wewe mwenyewe haina shida. Hili nalirudia kwa sababu wengi wanaogopa. Mwandishi wa mahakama haongei sana, na anapoongea ni kuapisha, kuomba neno lirudiwe, au kusoma alichoandika. Nilichotakiwa kukinoa ni masikio.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tunalo bila kujua thamani yake. Deposisheni nyingi ni za ajali, fidia na kesi za hospitali, na madaktari huongea kama wanasoma kamusi. Wanafunzi wenzangu walikwama kwenye lisinopril na metoprolol. Mimi dawa hizo nilikuwa nazipeleka vitandani kila usiku. Majina ya vidonda vya mgongo, vifupisho vya mafaili ya wagonjwa, sehemu za nyonga, yote nilikuwa nayasikia kazini. Kama unalea wazee au unafanya kazi hospitalini, anza leo kuandika kila neno la kitabibu unalolisikia, pamoja na tahajia yake. Majina ya wagonjwa na habari zao yaache huko huko, hayo ni siri yao. Maneno ndiyo mali yako.

Kuhusu kasi yenyewe. Inapanda kwa ngazi, na kuna ngazi ambayo karibu kila mtu anakwama. Yangu ilikuwa kwenye 140. Nilikaa hapo mpaka nikaona aibu kumwambia mume wangu matokeo. Wanaoacha steno njiani ni wengi mno kuliko wanaomaliza, na wengi wanaachia kwenye ngazi kama hiyo, si kwa kukosa akili bali kwa kuchoka kushindwa kila wiki. Nilichojifunza hapo ni kuachia. Neno likikupita, limekwenda. Ni kama kukimbilia daladala iliyokwisha kuondoka: unaihangaikia ile, na ya nyuma yake nayo inakupita. Asilimia 95 maana yake kwenye maneno 1,125 ya mtihani wa maswali na majibu unaruhusiwa makosa kama 56. Wanaofeli wengi hawafeli kwa makosa yaliyotawanyika. Wanakosa neno moja, wanaligeukia, na linaondoka na sentensi nzima.

Njia iliyonivusha ni hii. Ukitaka kufaulu 140, fanya mazoezi ya dakika moja moja kwa 160 au 170, ukijua kabisa utapoteza maneno, lakini mikono isisimame. Halafu shuka, andika kwa 110 kwa usahihi wa karibu asilimia mia. Usikae muda wote kwenye kasi ileile unayoitaka. Kila baada ya zoezi soma ulichoandika, tafuta neno lililokusimamisha, litafutie mpigo mfupi, liandike peke yake mpaka lipoteze ugeni. Misemo ya mahakama inayojirudia, kama "je, unakumbuka" au "mabibi na mabwana wa juri", kila mmoja una mpigo wake mmoja. Lakini usirundike vifupisho mamia kwa wakati mmoja kwa sababu umeviona kwa mtu. Kifupisho ambacho lazima ukifikirie kinakuchelewesha kuliko neno refu.

Na usifanye mazoezi ukiwa umetoka zamu ya usiku macho mekundu. Nililazimisha hivyo kipindi fulani, saa nyingi, na nilichokuwa najifunza ni kukosea. Nilipohamia zamu ya jioni mshahara ulipungua, ile nyongeza ya usiku ikapotea, tukaacha kutuma nyumbani kiasi tulichozoea, na simu za ndugu hazikuwa rahisi. Lakini mazoezi ya asubuhi ya muda wa saa mbili tu, nikiwa nimeshalala usingizi wa kutosha, yalizidi saa tano za uchovu. Kaeni na familia mlizungumze hilo kabla, la sivyo litawashtukiza. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka mitatu tangu herufi ya kwanza hadi leseni. Ukisikia tangazo la shule linaloahidi mwaka mmoja, uliza ni wanafunzi wangapi walioanza pamoja wamemaliza ndani ya huo mwaka.

Kuna tabia moja ya ukatibu iliyonisumbua mpaka mwisho. Katibu mahsusi mzuri anasafisha. Bosi akisema sentensi iliyopinda, wewe unainyoosha kwenye barua na hakuna anayejua. Mahakamani huruhusiwi. Shahidi akikosea sarufi, unaandika kosa lake. Akianza sentensi akaiacha, unaandika kipande na alama ya kukatika. Akiguna kwa kukubali au akiguna kwa kukataa, lazima ujue ni mguno upi, na uandike ulivyo. Akitikisa kichwa tu, hakuna cha kuandika, na wakili makini atamwambia ajibu kwa sauti. Vidole vyangu vilikuwa vinarekebisha bila mimi kutaka, na kila rekebisho ni kosa kwenye mtihani. Tena ni zaidi ya kosa la mtihani. Yule mtu aliyeapa ana haki ya kusomwa na maneno yake mwenyewe.

Shule nyingi zinakutaka ukae na mwandishi mzoefu mahakamani kabla ya kumaliza, ukiandika pembeni bila maandishi yako kutumika rasmi. Usiyachukulie kama saa za kujaza fomu. Hapo ndipo nilipoona kwamba maswali na majibu yana mpigo wake: vitufe vyote vya mkono wa kushoto kwa pamoja ni alama ya swali jipya, karibu vyote vya kulia ni alama ya jibu. Shuleni unazipiga kwa utaratibu. Mahakamani, wakili na shahidi wakipandana, mikono inapigana kushoto, kulia, kushoto, na ukichanganya, maneno ya wakili yanakuwa ya shahidi.

Wakipandana hivyo mwandishi anatakiwa awasimamishe. Hili kwangu lilikuwa gumu kuliko 225. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akiongea unanyamaza, na jaji ni mkubwa kuliko wote chumbani. Yule mwandishi niliyekaa naye, mwanamke mdogo kuliko mimi, aliinua mkono akamwambia jaji kwa upole kwamba anaomba waongee mmoja mmoja. Jaji akamshukuru. Wakati wa chakula nikamuuliza hakuogopa? Akasema, nikinyamaza, miaka miwili baadaye mtu yuko gerezani na ukurasa wake una tundu. Nilifanya mazoezi ya sentensi hiyo ya kuwasimamisha nyumbani, kwa sauti, mbele ya watoto. Nakushauri ufanye hivyo. Heshima unaiweka kwenye sauti na kwenye maneno, lakini unasema.

Siku nyingine ilikuwa kesi ya mtoto aliyeumizwa. Sitaieleza. Mikono iliendelea kuandika, na nilipofika kwenye gari nililia mpaka nikachelewa kazini. Waliotangulia wanasema unazoea. Mimi sijazoea, nimejifunza tu kutoangalia uso wa shahidi katika sehemu hizo na kuangalia midomo. Ukiwa na mtu wa kuongea naye, bila kutaja kesi wala majina, mtunze.

Mitihani ya RPR ya kuandika siku hizi inafanywa mtandaoni, nyumbani, huku kamera ikikuangalia. Ukimaliza dakika tano za kuandika unapewa dakika 75 za kusafisha maandishi. Intaneti yako ikikatika hakuna wa kumlilia, kwa hiyo usifanyie kwenye chumba cha kupanga chenye mtandao wa kugawana na majirani. Mimi niliomba chumba kanisani kwetu. Mtihani mgumu unaweza kuwa si ule unaoutarajia: mimi wa maswali na majibu nilifaulu kabla ya ule wa hotuba wa maneno 180, kwa sababu hotuba haina misemo inayojirudia na sentensi zake ni ndefu. Fanya mmoja mmoja. Uliofaulu unabaki wako, hurudii yote.

Baada ya leseni hakuna bosi anayekupa mshahara mwisho wa mwezi. Ofisi inayonipa deposisheni inanilipa kwa ukurasa, na inalipa inapojisikia, mara nyingi baada ya wiki nyingi. Kuandika saa tano za mahojiano ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kukaa nyumbani kusafisha, kuhakiki majina, kumsikiliza tena daktari. Weka akiba ya miezi kadhaa kabla ya kuacha kazi yako ya zamani. Mimi sikuacha kulea wazee mara moja, nilibaki mwisho wa wiki kwa muda mrefu. Tenga pia pesa za kodi, kwa sababu hakuna anayekukata. Na kila usiku ingiza maneno mapya kwenye kamusi ya programu yako, maana kamusi hiyo unaijenga wewe na ndiyo inayokufanya uandike haraka mwaka wa pili kuliko wa kwanza.

Mara moja moja napangiwa deposisheni ambayo shahidi anaongea Kiswahili kupitia mkalimani. Naandika Kiingereza cha mkalimani tu, neno kwa neno, hata pale ninaposikia kabisa kwamba shahidi amesema kitu tofauti kidogo. Si kazi yangu kumsahihisha, na mawakili wana njia zao za kupinga tafsiri. Ni mtihani wa moyo. Ukiona hutaweza kukaa kimya, usipokee kazi hiyo.

Watu wananiuliza kuhusu kompyuta zinazosikiliza na kuandika zenyewe. Sitawadanganya. Mahakama nyingi za Marekani zimeshahamia kwenye kurekodi sauti, na ofisi nyingine zinajaribu mashine hizo. Wakati huohuo waandishi wa steno ni wachache, wengi wanastaafu, na kazi mimi sikosi. Ningekuwa naanza leo ningelenga kuandika papo kwa papo, maandishi yakitokea safi kwenye skrini ya jaji wakati huohuo, kwa sababu ujuzi huo unakuwezesha pia kuwaandikia viziwi darasani na mikutanoni. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 inavidai vyuo na ofisi viwape njia ya kufuatilia mawasiliano, na kazi hiyo unaweza kuifanya ukiwa nyumbani.

Kwa walioko Tanzania na Kenya, kazi hii ya mashine mahakamani kwa namna ya Texas haipo huko. Kwa miaka mingi jaji na hakimu ndio wameandika mwenendo wa shauri kwa mkono, na Mahakama ya Tanzania imeanza kuleta mfumo wa kunukuu sauti, baada ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Anayependa kuandika yanayosemwa aangalie Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni. Bunge la Dodoma lina waandishi wake. Kenya, mbali na Bunge la Taifa na Seneti, kila moja ya kaunti 47 ina bunge lake lenye kazi ya Hansard. Huko hautahitaji steno, utahitaji Kiswahili na Kiingereza safi, kasi ya kuchapa na sikio. Matangazo yake hupita kimya kimya kwenye tovuti za mabunge hayo, kwa hiyo zipitie kila mwezi, na vyeti vyako viwe vimeshathibitishwa, kwa sababu muda wa kuomba huwa mfupi.